Nani Amekufa Huko?

Ayeeyo wangu haoni vizuri siku hizi, lakini masikio bado ni ya ujana. Mwaka jana nilikuwa kwetu Kiwanjani, laptopu mapajani, nahariri filamu fupi ya wizi wa mifugo niliyopewa na direkta mmoja kijana. Ayeeyo alikuwa upande wa pili wa pazia. Ghafla akauliza, "Nani amekufa huko?"

Hakuna aliyekufa. Kwenye skrini mzee wa Kisomali alikuwa anamimina chai. Basi. Mzee, birika, vikombe viwili. Lakini chini ya hiyo chai direkta alikuwa ameniagiza niweke ule muziki mnaoujua nyote: mwanamke anaomboleza bila maneno, besi inanguruma kama lori la Moyale, ngoma moja inapigwa mbali. Ameupakua bure mtandaoni.

Na huyo mzee, kwa taarifa yenu, ndiye anayeibiwa ngamia. Mtazamaji atakuwa ameshamhukumu kabla hajafungua mdomo.

Simlaumu direkta peke yake. Sote tumelelewa na vibanda vya video. DJ Afro alituchukulia muvi za watu, akawapa Wachina na Wahindi Kiswahili cha mtaani, tukacheka hadi machozi. Maneno yakawa yetu. Muziki ulibaki wa wenyewe, na ndio uliotufundisha nani wa kuogopwa. Nikiwa mdogo nilishajua: tarumbeta zikilia, shujaa anafika, sauti inayofanana na adhana ikisikika, bomu liko karibu. Nilijifunza hivyo nikiwa nimetoka msikitini, kofia bado kichwani.

Chukua Black Hawk Down ya 2001, ile ya vita vya Mogadishu vya Oktoba 1993. Ilipigwa Moroko. Muziki ni wa Hans Zimmer. Sauti ya Kiafrika unayoisikia ni ya Baaba Maal, Msenegali. "Barra Barra" ni wimbo wa Rachid Taha, mzaliwa wa Algeria aliyekulia Ufaransa. Na ile huzuni inayokutoa machozi ni Denez Prigent na Lisa Gerrard wakiimba Kibretoni, lugha ya magharibi mwa Ufaransa. Wote wakali, sina ubishi. Lakini Mogadishu ni mji, bana. Una watu na una nyimbo. Kundi la Waaberi na Maryam Mursal walikuwa wametoa albamu na Real World ya Uingereza mwaka 1997, na Mursal akatoa yake mwaka uliofuata. Haikuhitaji mtu kwenda kuchimba. Ingawa kuchimba nako tumechimba: mwaka 1988, Hargeisa ikishambuliwa kwa mabomu, watu walizika kanda za redio ardhini ili nyimbo zisiteketee. Taifa linalofukia nyimbo zake kama dhahabu, halafu muvi inakuja kuwaazimia watu wake kilio cha mahali pengine.

Utaniambia Black Panther nayo ilichanganya. Ludwig Göransson alienda Senegali, akasafiri na Baaba Maal, akarudi na ngoma za huko, na wahusika wanaongea Kixhosa. Sawa. Wakanda haipo. Nchi ya kubuni haina bibi nyuma ya pazia wa kuuliza nani amekufa.

Kinachoniuma zaidi ni sisi wenyewe. Mtu anatoka hapa Isiolo, amekulia kwenye mlio wa kengele za mbao shingoni mwa ngamia, halafu anapotaka hofu anaipakua. Kengele hizo zinajua kutisha kuliko besi yoyote. Usiku zikinyamaza zote pamoja, kila mwanaume bomani anaamka. Kule visimani Waborana na Wasamburu wanajipanga mmoja juu ya mwingine ndani ya kisima, wanapokezana ndoo wakiimba, na wimbo ndio unaoshika mwendo wa mikono. Hebu fikiria tukio la uvamizi linaloanza na wimbo huo kukatika katikati. Na ukitaka sauti ya mwanamke, kuna buraambur ya harusini, yenye makofi, vigelegele na maneno makali. Mwanamke wa kwetu akiimba ana jambo la kusema. Yule wa kwenye faili la bure hana hata neno moja.

Najua mtasema ni muziki tu. Kila nikishuka Nairobi, kuna mahali basi linasimamishwa na kitambulisho changu kinageuzwageuzwa kuliko cha jirani yangu wa kiti. Anayekigeuza hanijui. Lakini ameona muvi, na nikipanda mlango wa basi na kikoi changu, najua kichwani mwake kuna kitu kinanguruma.

Nikautoa ule muziki. Nikaacha chai imiminike, kikombe kigonge sahani, na nje kengele mbili tatu. Nikamtumia direkta. Akajibu usiku uleule: "Poa, lakini haina tensheni." Akaurudisha mwenyewe. Tumebishana wiki mbili kwa simu, na mara ya mwisho nilimwambia aje Kiwanjani aketi na ayeeyo, amchezee tukio lile bila kumwonyesha picha, kisha amweleze kwamba huyo mzee ndiye mwema.

Hajaja. Jina langu nimemwomba alitoe.