STIMA BAFUNI: ABIRIA WA MELI NA MPANGAJI WA LANDLESS

Ndugu Wanachama,

Leo hatuandiki habari ya mishahara. Twaandika habari ya bafu. Msicheke kwanza. Someni mpaka mwisho, kwa maana jambo hili nusura lituondolee mwenzetu.

Sisi tunaoandika ni wafanyakazi wa reli tukaao Landless, hapa Thika. Jina la mtaa wetu lajieleza lenyewe: ni la watu wasio na ardhi. Basi sisi ni wapangaji. Katika ploti yetu vyumba ni kumi na viwili, na mabafu ni mawili tu. Wakati wa mvua za Aprili, ndugu yetu mmoja wa gengi ya njia aliamka saa kumi alfajiri ili awahi kazi, akataka kunyoa ndevu. Bafuni hamna soketi. Akavuta waya wa ekstensheni kutoka chumbani mwake, akaupitisha chini ya mlango, akachomeka mashine yake ya kunyolea. Sakafu ilikuwa na maji. Aliposhika bomba kwa mkono wa pili, stima ikamkamata. Mkewe alisikia kishindo. Mama huyu ana akili: hakumgusa mumewe, bali alikimbilia swichi kubwa akaizima. Mwenzetu alipona, lakini mkono uliungua, na alikaa nyumbani majuma matatu.

Asubuhi mwenye nyumba akaja. Neno lake la kwanza halikuwa pole. Alisema, "Nani alimwambia apeleke mashine bafuni?" Nasi, twaungama, wengi wetu tulitikisa vichwa tukakubaliana naye. Tulisema ndugu yetu ni mzembe, amejitakia.

Baadaye tulibadili mawazo, na tungependa kuwaeleza sababu.

Tulitembelewa na ndugu mmoja wa Mombasa, aliyefanya kazi miaka kadhaa ya kutunza vyumba katika meli za watalii, zile kubwa zinazofika Kilindini mwisho wa reli yetu. Tulipomsimulia habari ya mwenzetu, alituambia hivi: katika meli kila chumba cha abiria kina bafu lake dogo, na karibu na kioo kuna kijitundu kimoja cha stima, chenye alama ya mashine ya kunyolea. Ni ya kunyolea tu. Mashine ya kukausha nywele haitumiki hapo. Hiyo imewekwa nje ya bafu, penye meza na kioo kikubwa. Pasi na birika la stima, meli nyingi zimekataza kabisa. Vikionekana katika mzigo wa abiria huchukuliwa, akarudishiwa siku ya kushuka. Abiria hunung'unika sana, maana wamelipa fedha nyingi. Lakini amri haibadiliki.

Tukamwuliza, kwa nini mashine hii iruhusiwe na ile ikatazwe? Jibu lake ni somo zuri. Mashine ya kunyolea hula wati kama 10 tu. Ya kukausha nywele hula wati 1,500 na zaidi. Tena, nyuma ya kile kijitundu kuna transfoma yenye nyaya mbili zilizozungushwa pasipo kugusana. Stima inayomfikia abiria imetengwa na stima ya meli. Akigusa waya mmoja kwa mkono wenye maji, stima haina njia ya kupita mwilini mwake kwenda kwenye chuma cha meli. Ama pasi na birika, hofu ni moto, kwa kuwa baharini huwezi kuita gari la zimamoto. Meli ya Italia iitwayo Achille Lauro iliwaka moto mbele ya pwani ya Somalia mwezi wa Novemba 1994, ikazama.

Hapo ndipo tulipozinduka. Abiria yule wa meli si mwerevu kuliko mwenzetu wa gengi. Yeye pia hunyoa bafuni. Yeye pia husahau, na mikono yake ina maji vilevile. Pengine hata kichwa ni kizito kwa mvinyo wa jana. Tofauti ni moja: ukuta wa bafu lake ulijengwa na mtu aliyejua kwamba binadamu husahau. Ukuta wa bafu letu ulijengwa na mtu aliyejua kuhesabu kodi.

Ndugu zetu wa reli, jambo hili sisi twalijua kuliko watu wengine. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh huko Ireland, mabehewa yaliyojaa watu yalikatwa kutoka kwa injini mlimani. Breki hazikuyashika. Yakarudi nyuma yakagonga treni nyingine, na watu wapatao 80 wakafa, wengi wao watoto. Mwaka uleule Uingereza ilitoa sheria kwamba treni ya abiria lazima iwe na breki inayojifunga yenyewe mabehewa yakikatika. Tangu hapo hakuna anayemwambia gadi, "Wewe omba Mungu tu yasikatike." Bomba la breki likipasuka, treni yasimama. Usalama umewekwa katika chombo chenyewe, haukuachiwa bahati ya mtu.

Na stima ya nyumba ina breki yake pia. Ni swichi ya usalama inayokaa penye boksi la stima. Kazi yake ni kulinganisha stima inayokwenda na inayorudi. Ikiona kiasi kidogo kimepotea njiani, yaani kinapita mwilini mwa mtu, hukata yenyewe kabla ya nusu sekunde. Zile za kawaida hukata kwa miliampia 30. Tupime hesabu hiyo. Taa ya zamani ya wati 60, kwa stima yetu ya volti 240, hupitisha miliampia 250. Basi stima ya taa moja tu yatosha kumwua mtu mara kadhaa. Wengi hudhani fyuzi ya plagi itawaokoa. Fyuzi ile ni ya ampia 13, ndiyo miliampia 13,000! Fyuzi hulinda waya usiungue. Haikuwekwa kumlinda mtu.

Tena liko jambo la shawa ya stima, ile ya kuchemsha maji juu ya kichwa. Siku hizi wenye nyumba huitangaza ili wapandishe kodi. Yaweza kula wati 5,000, yaani zaidi ya ampia 20. Yahitaji waya mnene wa peke yake, swichi yake, na waya wa ardhi ulioshikamana na chuma kilichozikwa chini. Katika shawa nyingi za namna hii, waya unaochemka umo ndani ya maji yenyewe yanayokumwagikia. Lakini sisi tumeona shawa iliyounganishwa na waya mwembamba wa taa, na waya wa ardhi umekatwa ukafichwa. Kukosa shamba tumezoea, lakini kukosa hata waya wa ardhi hatutakubali.

Mwenye nyumba atasema gharama ni kubwa. Twajibu: bei ya swichi ile haifiki bei ya jeneza. Atasema mafundi ni adimu. Twajibu: hapana. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 iliunda EPRA, na hao ndio wanaotoa leseni kwa mafundi wa stima. Atafutwe fundi mwenye leseni, naye aionyeshe. Atasema stima ni jambo geni kwa watu wetu. Hilo ndilo linalotuchekesha. Kituo cha Ndula, katika Mto huu wa Thika, kilianza kutoa umeme mwaka 1925. Yapata karne moja tangu maji ya mto wetu yaanze kuzalisha stima. Haifai leo stima hiyo ituue ndani ya maji ya ndoo.

Wako wanachama watakaosema kwamba bafu si kazi ya chama, chama kishughulike na mshahara. Twawaheshimu, lakini hatukubali. Mabaharia hawakupata vyumba vyema kwa huruma ya wenye meli. Walidai kupitia vyama vyao. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013 na kuridhiwa na Kenya mwaka 2014, unataja vyumba vya kulala na mabafu ya wafanyakazi wa meli. Nasi wa reli hulala safarini. Madereva na magadi wana nyumba zao za kupumzikia, nazo zina mabafu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 imempa mwajiri wajibu wa kulinda watu wake. Basi twaomba chama kidai mambo haya: nyumba zote za kupumzikia zikaguliwe na fundi mwenye leseni, ziwekwe swichi za usalama, na penye vioo viwekwe vijitundu vya kunyolea kama vya meli. Na katika mazungumzo ya posho ya nyumba, chama kisitaje shilingi tu. Kitaje pia nyumba ya namna gani.

Nasi tusingoje wengine tu. Mpaka siku hiyo ifike, twakubaliana hivi hapa Landless. Ekstensheni isivutwe bafuni, hata kwa dakika moja. Mwenye mashine ya kunyolea ya kuchaji aichajie chumbani, aichomoe ndipo aitumie. Pasi na mashine ya nywele zitumike mahali pakavu. Kabla ya kuingia chini ya shawa ukihisi bomba linawasha mkono, toka, mwite fundi. Na mtu akikamatwa na stima, usimguse: zima swichi kubwa kwanza. Mfundisheni hata mtoto, kwa maana mke wa mwenzetu aliokoa maisha kwa kujua hilo peke yake.

Mwenzetu amerudi gengini, na kovu lake twaliona kila siku anaposhika nyundo. Tulimwita mzembe. Leo twamwomba radhi mbele ya wanachama wote.

Ni sisi,
Wapangaji wa reli, Landless, Thika.