FIKRA ZA JUMA: Tendo Lihukumiwe, Wala Si Kabila



Watu wasio na hatia wanapouawa, swali la kwanza midomoni mwa wengi huwa, “Ni watu wa kabila gani hao?” Swali la haki ni jingine: “Ni tendo gani lililotendwa, na ni nani aliyelitenda?” Maswali haya mawili yafanana, lakini kuyachanganya kumegharimu roho nyingi katika nchi yetu.

Wenye elimu wamebishana siku nyingi juu ya maana ya neno “ugaidi”. Hata Umoja wa Mataifa haujapata maana moja iliyokubaliwa na wote, kwa sababu kila upande hupenda kumtia adui yake jina hilo na kumwondolea rafiki yake. Hata hivyo kiini chake chajulikana: ni kuwadhuru raia kwa kusudi, ili wengine waingiwe na hofu na kutii matakwa ya mdhuru. Kwa kipimo hicho, dai la haki halitakasi tendo ovu. Wala tendo ovu haliifuti dhuluma iliyolitangulia.

Tutazame Hali ya Hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Madai ya ardhi na uhuru yalikuwa ya haki. Lakini usiku wa tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, wanawake na watoto waliuawa na nyumba zao kuteketezwa, na hakuna dai la ardhi liwezalo kulifanya tendo hilo kuwa jema. Waliolipiza kisasi nao wakaua watu wengi pasipo hukumu yo yote. Kisha tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, watu 11 waliokuwa kizuizini walipigwa hata wakafa, na taarifa ya kwanza ya Serikali ikasingizia maji waliyokunywa. Uingereza ilieleza majuto yake mwaka 2013 tu, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya Wakenya 5,228. Deni la dhuluma halizeeki.

Sasa tutazame njia nyingine. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam, yakaua watu zaidi ya 200. Watu wanne walipelekwa mbele ya korti ya New York, wakapewa mawakili, ushahidi ukasikilizwa hadharani, na mwaka 2001 wote wakahukumiwa kifungo cha maisha. Mmoja wao alikuwa amekamatwa Afrika Kusini. Mahakama ya Katiba ya huko iliamua kwamba haikuwa halali kumtoa bila ahadi kwamba hatauawa. Je, sheria ilionekana dhaifu? La. Wenye hatia walifungwa, wala hapana awezaye kusema kwamba hawakusikilizwa.

Lakini mwezi wa Aprili 2014, baada ya mashambulio ya Eastleigh, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Methali yasema, samaki mmoja akioza wote wameoza. Hiyo ni habari ya samaki. Wanadamu hupimwa mmoja mmoja. Mtu aliyekamatwa kwa sababu ya kabila lake hatakuwa na hamu ya kupeleka habari polisi kesho, na gaidi hufurahi kuona hivyo.

Basi, mkulima shambani na karani ofisini wana kazi yao. Ukiona jambo la shaka, toa habari ya lile uliloliona kwa macho yako: siku, saa, mahali na tendo. Usitoe jina la kabila wala la dini mahali pa ushahidi. Na jirani yako akikamatwa, uliza ni lini atafikishwa kortini. Kuuliza hivyo si kumtetea gaidi. Ni kuilinda sheria, ambayo kesho huenda ukaihitaji wewe.