Marehemu Gani Huyo?

Mwezi wa saba mwaka jana tulikuwa kwenye ruracio, sherehe ya mahari, huko Othaya, katika baridi ile ya kukunja vidole, nami nimejifunika koti langu la sufu. Shangazi aliishika kola, akaipapasa kama mtu anayepima unga, kisha akaninong'oneza: "Mwanangu, mwenye koti hili alikufa na nini?"

Hakuwa anatania. Anaamini, na nusu ya meza ile iliamini pamoja naye, kwamba mtumba ni nguo ya maiti. Jina la zamani lenyewe lilikuwa kafa Ulaya. Novemba 2021 Raila Odinga, akisaka urais, alisema hadharani kwamba tunavaa nguo za watu waliokwisha kufa huko ng'ambo. Wachuuzi wakamjia juu, ikabidi ajieleze. Lakini maneno hayo hakuyabuni yeye. Alirudia tu yanayosemwa kwenye harusi zetu kila Jumamosi.

Haya, tuwahesabu hao maiti. Beli ya mashati ina kilo 45, yaani mashati mia mbili na ushei. Kama kila shati lingekuwa na marehemu wake, Uingereza ingekuwa imebaki na ng'ombe tu. Ukweli hauna kaburi: wenzetu hununua kupita kiasi, kabati linajaa, wanapeleka ya ziada kwenye maduka ya hisani kama yale ya Oxfam. Huko huuzwa kiasi kidogo tu. Yaliyobaki yanauzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara, yanachambuliwa, yanafungwa na kupakiwa melini hadi Mombasa. Nguo za marehemu hazikosekani humo, sikatai. Lakini wangapi kati yetu tunavaa kabuti la babu bila kutetemeka? Marehemu wa Ulaya ninayemjua mimi hapa Nyeri ni Baden-Powell, mwasisi wa skauti, aliyezikwa mwaka 1941 akitazamana na Mlima Kenya, na kwake tunapeleka wageni wakapige picha.

Koti langu nililitoa Karatina, siku ya soko, kabla jua halijashika. Beli ndiyo kwanza imefunguliwa, ile harufu ya dawa bado inawasha pua, na kina mama wenye vibanda wameshainama wakitafuta kamera, yaani zile za kwanza kwanza. Ukichelewa unaikuta fagia. Mimi siangalii rangi, naangalia ndani. Nageuza nguo, nasoma mshono, navuta kwapa, nahesabu vishikizo. Nikishuku, naomba uzi mmoja na kiberiti: plastiki itayeyuka na kuacha kidonge cheusi, sufu itanuka kama nywele zilizoungua. Chini ya rundo la majaketi ya mvua mkono wangu uligota kwenye kitu kizito, kikavu, chenye ukali kidogo. Ndani kulikuwa na lebo yenye alama ya tufe na msalaba juu yake. Harris Tweed. Kwa sheria ya Uingereza ya 1993, kitambaa hicho lazima kifumwe kwa mkono majumbani mwa watu wa visiwa vya Outer Hebrides, Uskoti, mahali pa upepo na mvua kuliko hata Nyahururu. Mama muuzaji aliniambia mia nne, tukaelewana mia tatu. Bitana ilikuwa imechanika. Fundi wa kushona pale mjini Nyeri aliibadilisha kwa bei iliyozidi ya koti lenyewe.

Sasa nionyesheni duka la mjini litakaloniuzia kitu kama hicho kikiwa kipya. Niliingia moja, butiki ya vioo na sanamu isiyo na kichwa. Blauzi zilikuwa zimepigwa pasi, bei mara kumi, na moja ilikuwa na kile kijitundu cha pini kilichoachwa na lebo ya duka la hisani. Kamera ya sokoni hiyo, imeogeshwa tu. Wateja wake ndio wale wale wanaokunja pua wakipita kwenye vibanda.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu. Nanyuki ilikuwa na kiwanda chake cha nguo, Mount Kenya Textiles, wenyeji wakikiita Mountex, na kilikufa. Waliopoteza kazi pale wana haki ya kuulaani mtumba, na milango ya forodha iliyofunguliwa miaka ya 1990. Ila anayejitapa kwamba yeye hununua mpya tu, kisha anavaa shati la plastiki kutoka Uchina, amemwokoa mfanyakazi gani wa Mountex? Serikali ilipozuia mitumba Machi 2020 kwa hofu ya korona, hadi Agosti, sikuona kiwanda kikifufuka. Nilichoona ni vibanda vitupu, na mafundi wa kupunguza na kurekebisha wakiwa wamekaa bila kazi. Muulize pia mpagazi wa Naro Moru anayewabebea watalii mizigo mlimani: lile jaketi linalomzuia kuganda alilinunua wapi?

Juzi shangazi alinipigia simu. Alizunguka sana, akaniuliza habari za mvua, za watoto, za bei ya majani chai. Kisha: "Ukifika Karatina, hebu niangalizie sweta ya sufu. Ya kijani, iwe kubwa. Lakini uifue mara mbili kabla hujaniletea."

Nimeshaipata. Nimeifua mara moja.