Mali bila Daftari

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kijiji cha Kerende, wilayani Tarime, kinapakana na mgodi wa dhahabu wa North Mara uliofunguliwa mwaka 2002. Ndani ya uzio dhahabu hupimwa kwa uangalifu mkubwa. Je, nje ya uzio, ni nani anayehesabu kaya, wagonjwa na watoto wanaobanana darasani? Iwapo jibu litatoka kwa kampuni, au kwa mwanasiasa anayewinda kura, basi mwananchi wa Kerende hana daftari. Ana hadithi tu.

Kazi hiyo ni ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, chini ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015. Mwaka 2018 sheria hiyo ilirekebishwa, ikawa ni kosa la jinai kutangaza takwimu zinazokanusha zile rasmi. Mwaka 2019 Bunge lililegeza kamba hiyo, na lilifanya busara. Takwimu hazilindwi kwa pingu. Hulindwa kwa ukweli wake.

Wapo watumishi wanaonong'ona kwamba Ofisi iliyo huru itaiaibisha Serikali. Hiyo ni kasumba. Homa haishuki kwa kuvunja kipimajoto. Afisa anayepika hesabu ili ampendeze mkubwa wake haitumikii Serikali. Anaifunga kitambaa machoni, kisha anaihimiza ikimbie.

Wala uhuru haupatikani kwa kukinga bakuli. Mwaka 2011 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 30 za kuimarisha takwimu za nchi. Marekebisho ya 2018 yalipopitishwa, Benki hiyo hiyo ilitoa tamko la wasiwasi, na likasikika kuliko sauti za Watanzania wenyewe. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Walimu waliowahi kuwa makarani wa sensa wanajua fika kwamba kaya iliyorukwa ni dawati lisilonunuliwa. Kwa hiyo Bunge halina budi kuitengea Ofisi fedha za kutosha kila mwaka, si wakati wa sensa peke yake. Mtakwimu Mkuu alindwe na sheria, asiondolewe kwa sababu ya tarakimu zisizopendeza. Na takwimu zitolewe kwa tarehe iliyotangazwa mapema, ziwe tamu au chungu. Asiyetaka kuhesabu leo asishangae kesho akikuta ghala ni tupu.