Mama Akiitwa Mkutanoni



Juma hili tuzungumze juu ya safari. Si safari ya arusi wala ya msiba, ambayo jamaa hufungasha pamoja, bali safari ya kazi, ya mtu mmoja na mfuko wake. Siku hizi barua za mikutano hazimwendei baba tu, humfikia na mama pia. Baba akiitwa, nyumba hukaa kimya. Mama akiitwa, maneno huanza.

Tuseme mama ni mwuguzi katika zahanati mjini Mwanza. Ameitwa Arusha kwenye mkutano wa siku nne juu ya afya ya akina mama wajawazito. Mkuu wake amemchagua yeye, maana anaijua kazi. Mume asema, "Mke wa mtu halali hotelini peke yake." Mama mkwe aongeza, "Na watoto watapikiwa na nani?" Majirani nao hawakosi la kusema.

Kwanza tumsikilize mume huyu, maana si kila hofu ni wivu. Njia ni ndefu. Basi huondoka Mwanza alfajiri, hupita Shinyanga na Singida, na huweza kufika Arusha giza limekwisha kuingia. Huko mama hana ndugu. Tena ni kweli kwamba wako watu, wake kwa waume, ambao wakiisha kuvuka mpaka wa mkoa wao huvua pete wakaitia mfukoni. Hayo yapo, hatuyafichi.

Lakini je, dawa yake ni kumfungia mama nyumbani? Kama ni majaribu, baba asafiriye anayo vilevile, wala hakuna aliyemzuia. Na mtu aliye mwaminifu kwa sababu tu majirani wanamtazama, huyo si mwaminifu hata akiwa nyumbani kwake.

Hasara ya kumzuia nayo si ndogo. Mafunzo yale yangerudi pamoja naye mpaka kwenye kitanda cha mama anayejifungua pale zahanatini. Asipokwenda, mama yule ndiye atakayepungukiwa.

Kisiwa cha Ukerewe hakiko mbali na Mwanza. Huko ndiko alikozaliwa Bibi Gertrude Mongella mwaka 1945. Angali binti mdogo alipelekwa shule ya masista wa Maryknoll huko Morogoro, baadaye akawa mwalimu, akawa na mume na watoto. Mwaka 1995 alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia juu ya Wanawake, uliofanyika Beijing, China. Wazazi wake wangalisema kwamba binti hatoki kisiwani, safari ile ya Beijing ingalianzia wapi?

Sasa tutazame jinsi Kanisa la kwanza lilivyofanya. Yapata mwaka 49 palikuwa na mkutano Yerusalemu, nao umeandikwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 15. Wakristo wa Antiokia waliwachagua Paulo na Barnaba na wengine, wakawasindikiza njiani. Mkutano ulipokwisha, wajumbe walirudi na barua, wakawakusanya watu, nao waliposomewa wakafurahi. Basi mjumbe yule hakujiendea tu. Alitumwa, akasindikizwa, akarudi na habari. Nyumba ya Kikristo yaweza kufanya vivyo hivyo.

Baba, kaa na mkeo mpange safari pamoja. Ulizeni mapema mahali pa kulala karibu na mkutano. Mahali pengi kanisa lina hosteli safi. Aweko mtu anayefahamika wa kumpokea stendi. Fedha zisikae zote mahali pamoja. Nyingine zibaki kwenye simu, nyingine mkobani. Ugali na mboga baba aweza kupika, na mama mkwe akiombwa kwa heshima hatakataa kukaa siku nne na wajukuu. Kisha msindikize mkeo mpaka stendi, watoto wakiona. Majirani wakikuona umembebea mfuko, watapata jibu lao.

Wewe mama, saa ngumu si zile za mkutano, ni zile za jioni. Funga mlango kwa ndani, wala usimtajie mtu nambari ya chumba chako. Ukialikwa kinywaji usiku na mtu usiyemjua, shukuru, ukatae. Kula pamoja na akina mama wenzako. Piga simu nyumbani saa mliyopatana, kabla watoto hawajalala. Naye baba asipige mara kumi kwa usiku mmoja, maana hapo simu imegeuka upelelezi.

Liko na jambo la posho. Ukilipwa siku nne, hudhuria siku nne. Kutia sahihi asubuhi na kwenda madukani mchana ni wizi, hata kama wenzako wote wanafanya hivyo. Na kiasi cha posho kijulikane na wote wawili, maana fedha ya siri huleta ugomvi kuliko hata safari yenyewe.

Ukirudi, usiishie kugawa zawadi. Jioni moja mweleze mumeo ulichojifunza, na kazini uwaeleze wenzako. Mume aliyesimuliwa habari za mkutano kwa kirefu hana haja ya kuziulizia kwa watu.

Enyi akina baba, barua ya mkutano ikiingia nyumbani mwenu, msianze na neno la hapana. Anzeni kwa kuuliza, "Basi linaondoka saa ngapi?"

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.