Onyo la Mafuriko Si Programu ya Simu

Haya wandugu, leo nina ugomvi, na ugomvi wangu ni na sisi wenyewe, waandishi wa programu.

Mvua za masika zikishaua watu hapa Kenya, haupiti muda kabla mmoja wetu hajatangaza programu mpya ya rununu ya kuonya watu kuhusu mafuriko. Ramani inapendeza, rangi nyekundu ipo, kitufe cha kusambaza kwa marafiki kipo. Picha zinapigwa, makofi yanapigwa. Masika yanayofuata ukiitafuta ile programu, seva ilishazimwa zamani.

Nasema hivi: onyo lina watu watatu. Kuna anayeona, kuna anayeamua na kuna anayekimbia. Sisi tunamjengea huyo wa mwisho peke yake, tena juu ya mnara wa simu unaokufa umeme ukikatika na betri zikaisha. Anayeona tumemsahau kabisa.

Tazameni wenzetu wenye mitambo kuliko sisi. Marekani ina rada za hali ya hewa nchi nzima, ina setilaiti, ina tarakilishi kubwa zinazokokotoa utabiri usiku na mchana. Pamoja na hayo yote, idara yao ya hali ya hewa imekuwa na mpango uitwao SKYWARN tangu miaka ya 1970, na hadi leo unategemea macho ya watu wa kujitolea. Idara yenyewe huwahesabu kuwa kati ya 350,000 na 400,000. Mafunzo ni ya bure na huchukua kama saa mbili. Wengi wao ni wanaredio wa ridhaa, watu wenye leseni ya kurusha mawimbi kwa kupenda tu, bila malipo.

Kwa nini nchi yenye rada ihitaji mzee mwenye redio garini? Jibu ni hesabu ya shuleni. Dunia ni mviringo, na mwale wa rada huinuliwa kidogo ili usigonge ardhi. Ukielekezwa nyuzi 0.5 juu ya upeo, ukifika kilomita 100 uko karibu kilomita moja na nusu juu ya ardhi. Rada inaona wingu likizunguka huko juu. Kama tornado imegusa chini na inang'oa mapaa, mara nyingi haioni. Anayeona ni yule mzee. Anabonyeza redio, sauti yake inapokelewa na ripita, yaani mtambo uliowekwa mahali pa juu unaorusha upya mawimbi dhaifu kwa nguvu zaidi. Msimamizi wa zamu anaipanga taarifa na kuifikisha kwa mtabiri ofisini. Ofisi nyingi za idara hiyo zina kituo cha redio ya ridhaa mle mle ndani.

Tena taarifa hiyo haiishii ofisini. Joplin, Missouri, ilipopigwa na tornado tarehe 22 Mei 2011, walikufa watu zaidi ya 150. Uchunguzi wa idara uligundua kwamba wakazi wengi hawakukimbia king'ora cha kwanza kilipolia. Walitafuta kwanza uthibitisho. Binadamu ndivyo tulivyo. "Kuna hatari katika eneo lako" haimtoi mtu kitandani. "Maji yamefika kwenye daraja la soko" inamtoa.

Sasa nasikia mmoja wenu akisema: hayo ni mambo ya kale, siku hizi kuna simu na intaneti ya setilaiti. Sawa, tuhesabu.

Kimbunga Maria kilipiga Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017. Kesho yake, zaidi ya asilimia 95 ya vituo vya simu za mkononi kisiwani vilikuwa vimenyamaza. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani likaomba hadi wanaredio 50 wa ridhaa, na 22 wakaenda. Basi tuseme 2017 ni zamani. Septemba 2024 mabaki ya kimbunga Helene yalizamisha milima ya North Carolina. Umeme ukaenda, simu zikaenda, barabara zikaenda. Ripita ya ridhaa ya Mlima Mitchell ikabaki hewani, na watu wakaitumia kuomba msaada na kuulizia jamaa zao. Setilaiti zilikuwepo angani. Ila sahani ya setilaiti nayo inataka umeme, na inamsaidia aliyekuwa nayo kabla ya maji kuja.

Turudi nyumbani. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliteremka kwa ghafla Mai Mahiu yakasomba nyumba watu wakiwa wamelala. Walikufa zaidi ya 45. Sisemi redio moja ingewaokoa wote, huo ungekuwa uongo. Ninachouliza ni hiki: aliye juu mlimani akiona maji yamejikusanya usiku wa manane, ana njia gani ya kumwambia aliye bondeni, na kumwambia mtabiri Nairobi? Na Budalang'i je? Mvua inanyesha Cherangani na Elgon, inashuka na mto Nzoia kutwa kucha. Muda wa kuonya upo. Mlolongo wa watu wa kuonya ndio haupo.

Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitoa ahadi Machi 2022 kwamba kila mtu duniani alindwe na mfumo wa onyo la mapema ifikapo 2027. Ahadi hiyo haitatimizwa kwa ujumbe wa simu peke yake.

Kwa hiyo nataka mambo matatu.

Kwanza, Mamlaka ya Mawasiliano ifanye leseni ya redio ya ridhaa kuwa kitu ambacho mwalimu wa Nyando au fundi wa Garissa anaweza kukisomea na kukipata bila safari za Nairobi. Kenya ina wanaredio hawa, ishara zao za wito huanza na 5Z4, lakini ni wachache mno.

Pili, Idara ya Hali ya Hewa iandae mafunzo ya saa mbili ya kusoma mto na mawingu, kisha iweke redio ofisini na mtu wa kuisikiliza.

Tatu, sisi. Mnataka kuandika programu? Andikeni hizi. Marehemu Bob Bruninga wa Marekani alibuni APRS, mfumo wa kutuma mahali ulipo na vipimo vya hali ya hewa kwa pakiti fupi za redio. Programu huria ya Direwolf inafanya tarakilishi ndogo ya Raspberry Pi izisome na kuzituma. Kipimo cha kina cha maji chini ya daraja, betri, paneli ya jua, redio na mtu mwenye leseni: pakiti inafika bila mnara wowote wa simu.

Haitapata tuzo wala picha gazetini. Lakini mvua ikija saa nane usiku na simu ikaonyesha hakuna mtandao, itakuwa bado inaongea.