Chumba cha mwaka wa tatu: Tazameni choo, maji na dirisha kabla ya kulipa kodi



Leo nazungumza na wazazi wenye vijana katika vyuo vya hapa Songea, na pia na ndugu zetu wenye nyumba za kupangisha.

Mwaka wa kwanza kijana mara nyingi hulala bwenini. Akifika mwaka wa tatu mambo hubadilika. Nafasi za bweni ni chache na wanaoingia wapya nao wanazihitaji. Mwenyewe pia anataka utulivu wa kusoma. Kwa anayechukua stashahada ya utabibu, ambayo ni ya miaka mitatu, huo ndio mwaka wa zamu za wodini na mitihani ya kumaliza. Basi anapiga simu nyumbani Tunduru au Namtumbo: "Baba, dalali amenipatia chumba, inatakiwa kodi ya miezi sita." Baba anauliza mambo mawili: kodi kiasi gani, na msikiti upo karibu?

Hayo ni maswali mazuri, lakini hayatoshi. Maoni yangu ni kwamba mzazi asitoe kodi mpaka yeye, au ndugu anayemwamini, ameona kwa macho choo, maji na dirisha la chumba hicho.

CHOO NA MAJI
Uliza choo hicho kinatumiwa na watu wangapi. Je, kina mfuniko, maji na sabuni ya kunawa? Kama maji ni ya kisima, tazama kisima kiko wapi. Wataalamu hushauri choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Songea ni mji wa miinuko na mabonde, hivyo jambo hili si dogo. Masika yakianza, uchafu wa juu hushuka bondeni. Hapo ndipo homa ya matumbo, kuhara na minyoo hupata njia.

Hata maji ya bomba yakikaa siku tatu ndani ya ndoo isiyofunikwa na kuchotwa kwa kikombe cha kila mtu, huharibika. Kijana wako achemshe maji ya kunywa mpaka yatokote, na ayahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa twahara ni nusu ya imani, na amekataza kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, njiani na kivulini. Sasa twahara itapatikana vipi mahali ambapo choo kimefurika na maji ya udhu ni ya kubahatisha?

Kwa binti, ongeza swali moja: choo kiko umbali gani, na njia yake ina taa? Binti anayeogopa kutoka usiku hujizuia haja na hupunguza kunywa maji. Matokeo yake anaweza kupata maradhi ya njia ya mkojo.

DIRISHA
Ili kupunguza kodi, vijana wanne hujibana chumba kimoja chenye kidirisha kilichozibwa kwa boksi. Kifua kikuu husambaa kwa hewa, na hupenda chumba kama hicho. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi aende kupima. Matibabu ya kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Chumba cha watu wawili chenye dirisha linalofunguka ni bora kuliko cha watu wanne, hata kama kila mmoja atalipa zaidi kidogo.

JIKO LA MKAA
Hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Sote tunaijua baridi ya Songea ya mwezi wa sita na wa saba. Kijana anapika ugali, kisha anaingiza jiko chumbani apate joto, anafunga mlango na kulala. Wengi hudhani mkaa ukishakuwa mwekundu bila moshi hauna madhara. Sivyo. Mkaa huo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu na kuzuia oksijeni kufika mwilini. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala anaweza asiamke kabisa.

Mtume (s.a.w.) alituonya tusiache moto ukiwaka majumbani tunapolala, hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Na katika Suratul Baqara, aya ya 195, Allah ametukataza kujitia katika maangamizi. Basi mnunulie mwanao blanketi zito, na umwambie waziwazi kwamba jiko hulala nje. Ukimkuta mtu amelegea chumbani penye jiko, fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa safi, kisha mkimbize hospitali.

WENYE NYUMBA
Nanyi ndugu zetu wa Majengo, Lizaboni, Bombambili na Msamala mnaopangisha vyumba vya uani, kodi ni halali yenu. Lakini uislamu umekataza kudhuru na kudhuriana. Kutoboa dirisha, kujenga kibanda cha kupikia na kunyonya choo kabla hakijafurika ni sehemu ya amana. Huyo mpangaji ni mtoto wa mwenzako, na wako naye huenda amepanga kwa mwingine Mbeya au Dar es Salaam.

Mzazi, kodi ndogo isikudanganye. Chumba kinachomlaza mwanao hospitali wiki ya mitihani kimekula kodi na ada ya miaka mitatu. Nauli ya kwenda kukiona ni ndogo kuliko hasara hiyo.